Laki ya Mahindi

Neno laki nililisikia mara ya kwanza mkutanoni, mwaka wa pili wa mvua kukataa, tulipokuwa tumeshahamishiwa kijiji kipya nje ya Kilosa. Katibu wa kijiji alisimama akasema wilaya italetewa mahindi ya msaada, kilo laki moja. Watu wakapiga makofi. Nilimuuliza mama mmoja jirani, laki ni ngapi?

"Laki, mwanangu, ni nyingi mpaka anayehesabu anaomba maji," alisema. "Nenda kaazime sufuria."

Nilikuwa binti wa miaka kumi na sita. Shule niliiacha darasa la nne baba alipofariki, na mama alipomfuata nikabaki na wadogo zangu watatu: wawili wa kiume, na kitindamimba wetu wa kike ambaye hata miaka mitano hajafikisha. Tulikuwa tunakula mlenda na uji wa pumba. Mama, kabla hajakata roho, alinishika mkono akaniambia nisiwatawanye.

Siku ya pili baada ya mkutano alikuja baba mdogo kutoka Mikumi. Alimtazama yule kitindamimba, tumbo lililovimba na miguu, akasema atamchukua. Nikamjibu kwa lile neno jipya: serikali inaleta laki.

"Laki hiyo utakula peke yako?" alisema. "Ijumaa nakuja."

Jioni ile nilishusha mahindi ya mbegu yaliyokuwa yananing'inia jikoni juu ya moshi. Kwetu mbegu hailiwi. Mtu yuko radhi afe njaa ameilinda. Nikayapukuchua, nikayapika yote kwa siku tatu, maana anayeletewa laki anaogopa nini? Wadogo zangu walishiba. Wakaanza hata kutaniana, huyu anamwambia yule, nipe laki ya maji.

Alhamisi nilikwenda Kilosa mjini kuuliza mahindi yanafika lini. Ofisini waliniambia nisubiri. Nilipochoka kusubiri niliingia duka la mzee wa Kihindi, ambaye mama alikuwa akinunua chumvi kwake. Nikamwamkia, nikamuuliza laki ni nini.

"Neno letu hilo," alisema, akafurahi kidogo. "Babu yangu alikuja nalo kutoka Bara Hindi, pamoja na mizani. Ni elfu mia moja."

Shule niliiacha tukiwa tumefika elfu katika hesabu. Nikamuuliza kama kilo hizo zinatosha wilaya nzima.

"Wilaya ina watu wangapi, binti?"

Nikaanza kuhesabu vijiji kwa vidole.

"Laki hawapungui. Basi kila mtu kilo moja." Alichukua jiwe la kilo akaliweka kwenye mizani, sahani ikashuka, ili nione. "Mara moja tu."

Kilo nne kwa midomo minne. Siku tatu, nne tukijibana. Na mbegu nimeshaipika. Nilirudi kwa miguu nikiwaza kwamba lile ni neno la watu wenye maghala. Sisi tulilisikia tukadhani linashibisha.

Ijumaa baba mdogo alifika kabla ya adhuhuri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Laki imefika?"

"Haijafika. Ikifika ni kilo moja moja."

Nilidhani atanicheka, hakunicheka. Nikapiga magoti, nikamwomba atuchukue wote wanne, nitalima, nitateka maji, nitalala hata jikoni.

"Nina chumba kimoja na watoto sita," alisema. "Mmoja naweza. Wanne nitawazika."

Nilimwogesha mdogo wangu, nikamfunga khanga ya mama. Akaniuliza atalala huko siku ngapi. Nikamwambia chache.

Alikaa misimu mitatu. Nilipokwenda kumchukua, baada ya mavuno yangu ya kwanza ya maana, alinikuta mlangoni. Akaniamkia kwa adabu, akaingia ndani kumwambia mama mdogo kuna mgeni.