Bega Nililolipunguzia Hesabu

Bega langu la kulia limekula milioni nne na laki tatu, nimehesabu mara mbili, na bado haliwezi kuanua kanga kwenye kamba. Kwa pesa hiyo ningepata ng'ombe wanne wa maana, na wote wangekuja na mabega yanayofanya kazi.

Nauza dagaa. Nanunua mwaloni, mitumbwi inaposhusha, naanika, napeleka sokoni Kisesa. Kazi yenyewe ni mkono: kuwarusha watandazike juu ya nyavu, kujitwisha beseni. Bega lilichomoka mara ya kwanza nikiwa nimeshika ukingo wa mtumbwi. Wimbi likauvuta mtumbwi, mimi nikabaki. Mpakuzi mmoja akanilaza mchangani, akanikanyaga kwapani kwa kisigino, akavuta mpaka likarudi. Baada ya hapo likazoea. Lilichomoka nikimsuka mtoto, nikivaa gauni, nikijigeuza kitandani. Mara kumi na moja.

Nilipoamua kwenda hospitali, wifi yangu alinisindikiza. Tukiwa kwenye benchi akaninong'oneza: "Wifi, usije ukazitaja zote. Ukionyesha umezidiwa, wanakupandishia bei. Anza na tatu."

Mimi sijawahi kumwonyesha mwenye mtumbwi pesa niliyokuja nayo. Nikaona kasema jambo la akili.

"Mama, limechomoka mara ngapi?" daktari akauliza.

"Tatu."

"Tatu tu?"

"Na hiyo ya tatu halikutoka lote."

Akaandika. Akanieleza kuna njia mbili. Ya kwanza, wanapitisha vyombo kwenye matundu madogo na kuushona ule ukingo laini wa kikombe cha bega uliochanika. Ya pili, wanapasua, wanakata kipande cha mfupa wa jirani na kukifunga kwa skrubu mbele ya kikombe, kiwe kizuizi. Hiyo ni ya mabega yaliyotoka mara nyingi, akasema, maana kila likitoka linasaga mfupa. "Kwako, kwa mara tatu na picha hii ya eksirei ya kawaida, tutashona tu."

Nikatoka pale najisifu. Nilidhani nimemshusha bei.

Wakalishona, na miezi sita nililitunza kama yai. Mwezi wa nane tangu kushonwa nikanyoosha mkono nyuma kuchukua beseni, likachomoka. Safari hii wakanipitisha kwenye mashine kubwa. Daktari akatazama picha, akanitazama mimi.

"Mama, hili si bega la mara tatu."

Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. "Ungenitajia kumi na moja, ningekupima hivi kabla sijakugusa. Mfupa umelika. Nimeshona nguo kwenye ukuta uliobomoka."

Namba niliyokuwa naibania ndiyo aliyokuwa anapimia mfupa!

Nilifika kwa wifi nikiwa nachemka. Alikuwa anachambua mchele; nikamweleza aliyoyasema daktari, hata hakuinua kichwa.

"Mdomo ulikuwa wa nani, wifi?" akaniuliza.

"Wangu. Na ushauri?"

"Ushauri ulikuwa wa bure. Ungekuwa wa kulipia ungeuuliza mara mbili."

Akacheka. Nilitamani kumrushia ungo, ila mkono wa kurushia ndio huo. Na daktari naye ana lake: mtu mzima anaambiwa bega halikutoka lote, naye anaandika! Lakini nikimaliza kuwagawia hao wawili, fungu kubwa linabaki kwangu, nami sina wa kumsukumia.

Sasa daktari ananitaka nirudi akauhamishe ule mfupa wa jirani. Anasema bega litatulia, ila mkono huenda usifunguke tena kwenda nje kama zamani, na dagaa hawarushwi kwa mkono uliobanwa ubavuni. Mume wangu anasema basi, tufungue genge la nyanya. Mimi nyanya sizijui.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyekwishafanyiwa hiyo ya mfupa, na tafadhali usinipunguzie wala kuniongezea: ulikaa muda gani bila kubeba kitu? Mkono unafika wapi ukiufungua? Kurusha, unaweza? Niambie kabla sijamjibu daktari.