Nilivyostaafu Udaktari wa Chunusi

Upumbavu wangu wa kwanza kazini ulikuwa kumpa mgonjwa dawa ambayo mimi mwenyewe sijaielewa. Mgonjwa alikuwa dadangu Mwanaisha, aliyeolewa majuzi hapa hapa Kisauni. Kazi nilijiajiri.

Nyinyi wa vidato vya chini mtauliza nilisomea wapi. Usoni. Watu wa Likoni humwogopa chunusi wa baharini, yule jini azamishaye watu. Wangu walihamia mashavuni, wakubwa, wenye usaha, kila anayeondoka akiacha shimo. Sabuni ilishindwa, liwa ya kupaka ikashindwa. Ndipo Daktari wa Ngozi, kule Changamwe, akanipa kapsuli za kumeza.

"Hii ni ya ukoo wa vitamini A," alisema, "lakini ni kali. Hukausha mafuta ya ngozi kutoka ndani. Midomo itapasuka, na damu tutaipima tuone ini liko vipi. Usimgawie mtu."

Nikasikia vitamini. Mengine niliyaacha mezani kwake.

Basi Da Mwanaisha alipolalamikia vipele, nilimjaza kiganja. "Meza, dada. Vitamini hizi."

"Wallahi?"

"Daktari wako nimesema."

Niliporudi kupimwa damu, nikamtambia Daktari, mkubwa wangu wa kazi, kwamba nami nimeshapata mgonjwa. Hakucheka.

"Nani?"

"Dadangu."

"Ameolewa? Ana mimba?"

Nikakumbuka mama alivyokuwa akihangaika kumtafutia dada ukwaju. Ulimi ulinikauka kuliko midomo.

"Dawa hii humharibu mtoto tumboni," alisema. "Moyo, ubongo, masikio. Hata akimeza kidogo. Nenda umzuie, kisha umlete hapa."

Nyumbani hatuna simu. Njia nzima hadi Kisauni nilisoma dua zote nilizochapiwa madrasa, na mbili nilizozitunga.

Nilimkuta uani na mama. "Dada, umezimeza?"

"Nimeze nini, na mate yenyewe hayapiti kwa kichefuchefu?" Akafungua fundo la leso. Kapsuli zilikuwa zimegandamana kwa jasho, zote nilizompa. "Nangoja tumbo litulie. Leo jioni ningejaribu."

Nikaketi juu ya mbuzi ya nazi, upande wa meno. Nikaeleza yote nikiwa nimesimama.

Nikastaafu palepale. Siku hizi anayeniuliza dawa namwelekeza Changamwe, na zangu nazifungia sandukuni.

Mama alinisikiliza hadi mwisho, akanishika kidevu, akanigeuza shavu hili na lile, akasema: "Uso utapona, mwanangu. Wewe je?"