Watatu kwa Jina Moja

Ipo siku moja siisahau, hata nikiwa nakaanga vitunguu inanijia: nilikaa mbele ya kompyuta, mimi niliyemaliza kidato cha sita, nikashindwa kujumlisha nusu na theluthi. Usinicheke, mwanangu. Au cheka kidogo, halafu unisikilize, maana jana nilikuona na wenzako mmekizunguka kisimu chako, mnafanya mazoezi ya mtihani wa kuingia chuo, kila mmoja anapiga kelele jibu lake na wewe unabonyeza. Nikasema, haya, mambo yangu yale yamerudi.

Zama hizo soko huria limeshaingia, na neno utandawazi liko midomoni mwa watu wote, wanaolijua na wasiolijua. Arusha mjini mitumba ilikuwa imewamaliza mafundi cherehani. Mmoja wao, Mzee Shabani, aliuza vyerehani vyake, akanunua kompyuta, akafungua intaneti kafe palepale dukani kwake karibu na soko kuu. Chumba kilikuwa bado kinanuka chaki ya fundi na mafuta ya cherehani.

Mimi nilikuwa naishi Ngaramtoni, namsaidia mama kuuza maharage gulioni, kwa sababu matokeo yangu hayakunifikisha chuo kikuu. Ndipo tukasikia kanisani kwamba kuna chuo cha nje kinasomesha uhandisi wa maji, kinafadhili vijana, wala hakiangalii matokeo yako ya zamani. Kinaangalia mtihani wake tu, wa hesabu na Kiingereza, na mtu anaufanya mara moja maishani. Ukianguka, umeanguka. Kwangu ilikuwa ni hapo, au maharage mpaka uzee.

Chuo hicho kilikuwa na mazoezi yake kwenye mtandao. Unafungua akaunti kwa jina lako, unajibu, na kompyuta inakutazama unavyojibu. Ukipata, inakupa gumu zaidi. Ukikosa, inarudi nyuma kutafuta ulipopotelea. Mama wee! Sisi tuliozoea mwalimu mmoja na ubao mmoja kwa darasa lililofurika, leo kitu kilichoko huko kusikojulikana kinamfikiria binti wa Ngaramtoni na kumchagulia swali lake peke yake. Siku ya kwanza kilipoandika jina langu, Naserian, nywele zilinisimama.

Sasa sikia tulivyofanya. Kwetu mtu hali peke yake, na hasomi peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Shuleni tulisoma kwa diskasheni, anayejua anambeba asiyejua, na aliyejitenga na kitabu chake tulimwita mchoyo. Kwa hiyo kafe nilikwenda na watu wangu. Alikuwepo kaka yangu Lomayani, mtoto wa baba mkubwa, kutoka Oldonyo Sambu. Yeye pia alimaliza kidato cha sita, lakini mitihani ilimkuta anahangaika na ng'ombe wa marehemu baba yake kwenye ukame, matokeo yakawa mabaya, akasema shule basi. Alikuwa ananisindikiza tu. Na alikuwepo Rehema, binti wa Mzee Shabani, ambaye Kiingereza kilimtoka bila kukwama. Likija swali la hesabu, Lomayani anatoa jibu. Likija la Kiingereza, Rehema. Kazi yangu mimi ilikuwa kubonyeza.

Na kompyuta ikatusifu! Kila tukienda inatupandishia maswali, hongera Naserian, umefanya vizuri Naserian. Nikavimba kichwa, sikwambii. Nikamwambia mama aanze kuzoea kuuza maharage bila mimi.

Mzee Shabani alikuwa akitutazama juu ya miwani, anakunywa chai yake ya tangawizi. Asubuhi moja, tulipomaliza kumpa shikamoo zake, akaniuliza, "Naserian, kwenye mtihani wenyewe mtaingia watatu?"

"Hapana, Mzee. Naingia mwenyewe."

"Haya," akasema, akarudi kwenye chai. Mimi nikadhani ni maneno ya wazee tu.

Baadaye ikaja siku hiyo ninayokusimulia. Rehema alikuwa na harusi ya ndugu yao, Lomayani alikuwa na ng'ombe wa kupeleka kwenye chanjo. Nikaenda peke yangu, kifua mbele. Swali likatokea, na sikuelewa hata linauliza nini. Nikakosa. Likaja jingine, nikakosa. Kompyuta haikunigombeza, ilishuka. Ikajaribu mambo ya kidato cha nne, nikakosa. Ya kidato cha pili, nikakosa. Ikawa inateremka taratibu, bila hasira, kama mtu anayeshuka mlima kumfuata mbuzi aliyepotea, mpaka ikafika kwenye sehemu za darasa la tano, nusu na theluthi. Hapo ikatulia, ikaanza kunifundisha.

Mwanangu, niliogopa. Niliogopa kama mtu aliyeitwa kwa jina mahali alipojificha. Walimu wote walionipitia, hakuna aliyewahi kufika pale, maana miaka yote nilikuwa nimebebwa mgongoni mwa wenzangu, mitihani naipita kwa kukariri, na mtu aliyebebwa vumbi halimgusi miguu. Nikalia mbele ya wateja, bila aibu.

Mzee Shabani akaja akasimama. "Unalia nini?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akavuta kiti. "Nimeshona nguo tangu ujana wangu," akasema. "Sijawahi kuona mwanamke anakuja kupimwa gauni, na shangazi zake wawili wamejifunga naye kanga moja. Hicho chombo kilikuwa kinampima mtu ambaye hayupo. Leo ndiyo kimekuona wewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, binti yangu. Bora umeumbuka hapa kwangu. Futa machozi, jibu swali." Kisha alipokuwa anaondoka akageuka. "Na yule kijana wa ng'ombe, yeye nani amempima?"

Neno hilo lilinifuata mpaka nyumbani. Zile hongera zote za hesabu zilikuwa za nani? Siku ya gulio nikamkuta Lomayani Ngaramtoni, nikamwambia afungue akaunti yake. Akacheka mpaka watu wakageuka. "Mimi? Mimi nilikuwa nakusaidia tu, dada. Mambo ya shule nimeshaachana nayo." Nikamshika mkono, nikamvuta hadi mjini huku ananung'unika, wala sikujali.

Basi, kwangu kompyuta ilishuka. Kwake ikapanda. Ilipanda kidato cha sita ikakipita, ikaingia kwenye mambo ambayo hakuna kati yetu aliyefundishwa. Lomayani akaomba karatasi. Kila swali alilitazama kimya, akachora mistari yake, akajibu, nalo likaja gumu kuliko lile. Rehema aliacha kutafuna karanga. Chai ya Mzee Shabani ilipoa mkononi. Na yule kaka yangu aliyekuwa anajiita msindikizaji, jasho linamtoka, alipoona kompyuta imeandika, hongera Lomayani, alinyoosha kidole akaligusa jina lake kwenye kioo. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama kile, na nimeshaona mengi.

Tangu hapo kila mmoja alijibu peke yake. Watu walidhani tumegombana. Hatukugombana, tulikutana nje kwenye mahindi ya kuchoma, kila mtu anasema alipokwama, anaelezwa, kisha anarudi ndani kujaribu mwenyewe. Nilipanda kutoka darasa la tano, nikapanda kwa bidii kweli, lakini muda ulikuwa umebaki mchache.

Tukafanya mtihani wote wawili. Majibu yakaja kwenye kompyuta za Mzee Shabani. Lomayani amechaguliwa. Mimi nimekosa, tena kwa kidogo.

Nisikudanganye, niliumia. Nilitoka nje nikasimama na wauza viatu, nikamwonea wivu ndugu yangu. Akanifuata. "Siendi," akasema. "Nafasi ulikuja kuitafuta wewe. Nikiichukua nitakuwa nimekuibia."

Nikamtazama. Hasira zikanitoka zote kwa mkupuo mmoja. "Lomayani, hakuna kitu changu ulichochukua. Mimi ndiye niliyekuwa natembea na hongera zako. Nenda, la sivyo tutakuwa tumefeli wote wawili." Tukalia pale barabarani, watu wazima, tumeshikana kama watoto. Na akaenda.

Mimi nilikwenda chuo cha ualimu, na mpaka leo nafundisha hesabu shule ya msingi. Mtoto akikosa, simpigi kelele. Nashuka naye taratibu mpaka nijue alipopotelea, na kila nikimfikia nasisimka vilevile.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Mazoezi hayo yanayokufuata wewe ni neema ambayo babu zako hawakuiota. Usiyadanganye. Ukiwa unajibu, jibu wewe, hata kama utaonekana mjinga, kwa sababu pale unapokosa ndipo somo lako lilipo. Wenzako ukutane nao baadaye, muelezane, mcheke, mbebane. Na yule rafiki yako mkimya anayekunong'oneza majibu sahihi kila siku, mwachie simu naye ajaribu kwa jina lake. Huenda hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anajua nini.

Mungu akupe moyo wa kukosa ukiwa peke yako, na watu wengi wa kufurahi nao siku utakapopata. Na kama siku hiyo furaha itakuwa ya mwenzako, akupe mikono ya kumsukuma aende.