Mvua Kwenye Picha ya Nyanya

Wewe uliyelelewa kwenye nyumba ya mabati utanielewa. Jumamosi iliyopita nilimburuta binti yangu kutoka kwetu Scarborough, huku ughaibuni, basi kwanza, kisha treni, mradi tu aione picha ya nyanya yangu. Tangazo la jumba la sanaa pale kituoni lilionyesha meli moja tu, lakini niliitambua mara moja kwa bendera yake nyekundu.

Nyanya alipata nakala yake kwenye kalenda ya duka la mbolea. Mwaka ulipokwisha akakata miezi kwa makasi na kubakiza picha, kama walivyofanya majirani wote, akaitundika sebuleni mbele ya macho ya wageni. Meli za Waholanzi za karne ya kumi na saba, na sisi huko milimani bahari hatujawahi kuiona!

Ukuta wa jikoni haukufika juu kwenye mabati, hivyo moshi wa kuni ulivuka hadi sebuleni ulivyotaka. Jioni, maharagwe yakitokota na kuku wakigombania pa kulala, nilipukuchua mahindi huku nikiitazama ile picha mpaka nyanya anikemee. Juu pembeni palikuwa na wingu la kahawia, na kila likizo nililikuta limesogea.

"Mvua hiyo inakuja," nyanya alituambia. "Sasa imefika meli ya pili."

Kila mjukuu alikuwa na chombo chake. Changu kilikuwa kimashua cha mwisho kabisa, chenye wavuvi wawili, nami nilikihurumia kweli kweli. Chini ya wingu, jua lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Sijaona tena mwanga mtamu kama ule.

Basi tukafika mbele ya picha yenyewe, kubwa kuliko mlango. Meli zipo, bendera ipo, kimashua changu kipo. Lakini anga lilikuwa jeupe kama shuka la hospitali.

"Mum, mvua iko wapi?" binti yangu akauliza. "It's just sunny."

Nilisogea karibu mpaka mlinzi akaniambia nirudi nyuma. Hapo ndipo iliponijia kwamba mchoraji hakuchora mvua yoyote. Ulikuwa moshi wetu. Nilikasirika, na wa kumkasirikia sikumwona.

Nilipotoka nje nikampigia mjomba, ambaye ndiye anayeishi kwenye nyumba ya nyanya tangu tumzike, nikamuuliza picha iko wapi.

"Ile karatasi nyeusi?" akacheka. "Si tuliichoma tulipokuwa tunaweka tiles! Siku hizi ni gesi tu, nyumba iko smart. Kuja uone."

Nije nione nini? Nyanya hayupo, mafiga yameng'olewa, hata ule ukuta mfupi wameumalizia mpaka juu.

Kabla hatujaondoka nilikuwa nimenunua nakala ndogo kwenye duka lao. Jioni ileile nikaibandika juu ya jiko la umeme, nikazima feni, nikakaanga vitunguu mpaka vikaungua. King'ora cha moshi kikalia. Binti yangu akapanda kiti akikipungia taulo, jirani akagonga mlango kwa hasira, ikabidi nifungue madirisha yote na kuomba radhi.

Moshi ukatoka wote. Picha ikabaki na jua lake lilelile, na kimashua changu kikavu kabisa.