Habari za Asubuhi

Likizo ndefu ina ubaya wake, na huuoni mpaka siku ya kurudi. Mimi na mume wangu tulikaa Kyela kwa dada yangu miezi miwili na nusu. Tulikula wali wa mpunga mpya na samaki wa ziwani, tukalala kwa shuka moja. Nilikuwa nimelimbikiza siku za likizo kazini kwa miaka kadhaa, na mume wangu ni mstaafu, kwa hiyo hakuna aliyetuharakisha. Tuliondoka mvua bado zinanyesha, tukarudi katikati ya kipupwe. Watu wa nje wanadhani Kilosa ni joto mwaka mzima. Waje mwezi wa saba, waoge maji ya bomba alfajiri, ndipo tuongee.

Basi lilitushusha Mikumi jioni, tumechelewa gari la Kilosa. Tukalala gesti ya kando ya barabara kuu, chini ya blanketi jembamba, malori yakinguruma hadi kunakucha. Niliamka na mafua, kifua kimebana na sauti imekauka. Nikiongea ilitoka ya mtu mwingine kabisa. Asubuhi tukapata gari, na tulipopita kijiji cha Ulaya mume wangu akasema kwamba tumevuka Ulaya bila pasipoti. Ni utani wake wa miaka yote. Zamani nilicheka. Siku hiyo nilifunga skafu shingoni nikatazama nje.

Nilikuwa nawazia maji ya moto na kitanda changu, basi. Nyumba tuliiacha mikononi mwa jirani yetu wa hapa Magomeni ya Kilosa, mama mtu mzima ambaye mlango wake unatazamana na wetu. Nikisema jirani nampunja. Nilipohamia mtaa huu nikiwa bibi harusi, mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki. Yule mama ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto nilipojifungua mtoto wa kwanza, na ndiye aliyenifundisha kumwogesha. Tangu wakati huo namwita mama, naye ananiita mwanangu. Kila asubuhi, kabla sijaenda popote, napita barazani kwake kumpa shikamoo. Siijui asubuhi ya mtaa huu bila yeye, na sijui ningeishije hapa kama angeninunia.

Tulifika saa sita mchana. Mlango wake ulikuwa umefungwa, na baraza tupu. Nikadhani ameenda msibani au kwa ndugu zake Kidete. Tukatumia ufunguo wetu.

Harufu ndiyo iliyotupokea. Umeme ulikuwa umeisha uniti, sijui tangu lini, na friji nililosahau kulitoa nyama limegeuka kaburi. Koki ya jikoni ilikuwa ikidondosha maji, na sakafu imeota ukungu wa kijani. Mchwa wamepanda kwenye fremu ya mlango wa chumbani wakajenga njia yao ya udongo hadi juu, kisha wakaingia kabatini kwa chini. Blanketi letu zito, lile tunalolitoa msimu huu tu, nilipolinyanyua lilibaki nusu mkononi na nusu likamwagika. Na juu ya dari ya chumba hicho, upande wa dirisha la nyuma, nyuki. Walikuwa wengi kiasi kwamba ubao ulikuwa ukivuma.

Chini ya dirisha hilo ufagio ulikuwa umetupwa sakafuni, na takataka zimekusanywa zikaachwa hapohapo. Huo ufagio ndio ulionichoma kuliko vyote. Nilimwomba afungue madirisha mara moja kwa wiki, afagie, aangalie mchwa. Hakuna zaidi. Naye ameanza kufagia, akachoka, akatupa ufagio akaenda zake! Nikamwambia mume wangu maneno hayo na mengine makali zaidi, kwa sauti yangu ile ya kukwaruza. Akasema tusubiri tumsikie mwenyewe. Nikamjibu kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Akaenda kumwaga nyama.

Usiku ule tulilala sebuleni na makoti. Nilikuwa nimechoka hadi usingizi ukanikataa, na kila nilipojigeuza nilimkuta yule mama kichwani mwangu, na ufagio wake.

Asubuhi maji tulikuwa tumeyafunga kwa sababu ya ile koki, kwa hiyo nilichukua ndoo kwenda bomba la mtaani. Nilivaa koti la mume wangu, skafu imenifunika hadi puani. Mama alikuwa barazani kwake anaota jua. Alijifunika khanga kutoka kichwani, akaivuta mbele kama wafanyavyo wanawake wenye baridi, nikaona kidevu tu. Akageuza uso kidogo aliposikia hatua. Hakuniita. Nikasema moyoni, ana aibu, anajificha. Na wanawake wawili walikuwa wakipita na ndoo zao, wakasikia nilichosema.

Nilisema, "Habari za asubuhi."

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa. Hiyo ni salamu ya rika, ya muuza nyanya, ya karani dirishani. Mtoto wa miaka mitano akimpa mtu mzima salamu hiyo anarudishwa aanze upya. Mimi nina nywele nyeupe, nami nilijua nilichofanya. Nilitaka aumie. Mama hakujibu kitu, na mmoja wa wale wanawake akatazama chini. Niliteka maji, nikarudi kwa njia ya nyuma ya nyumba.

Saa nne mume wangu alikwenda dukani kuulizia mtu anayejua kurina asali aje atuondolee nyuki. Alichukua muda. Aliporudi hakuvua hata kofia, akakaa kwenye kiti cha jikoni akaniambia niache kusugua sakafu.

Mwenye duka alimsimulia yote. Mama alikuwa akija kila wiki bila kukosa, na ufagio wake mwenyewe. Wiki tatu zilizopita alifagia chumba, kisha akasukuma lile dirisha la nyuma, na nyuki wakamshukia. Alitoka akikimbia na kupiga kelele, watu wakamfunika blanketi, wakampeleka hospitali. Palipoumwa mwilini palipona. Jicho halikupona. Na jicho hilo ndilo alilokuwa akionea, kwa sababu la pili lina mtoto wa jicho tangu zamani, kitu ambacho mimi nakijua kuliko mtu yeyote mtaani, maana ndimi niliyekuwa nikimtungia uzi kwenye sindano. Jana tulipofika alikuwa hospitali kubadilishiwa bandeji. Daktari alisema wasubiri.

"Watu walitaka kutupigia simu," mume wangu akasema. "Akawakatalia. Kasema tuachwe tupumzike."

Nilimuuliza kama ana uhakika. Swali la kijinga, lakini nilitaka muda. Kisha nikaenda chumbani, nikautazama ufagio uliokuwa bado chini, kwa sababu nilikuwa nimekataa kuuokota. Nikalia pale. Sijui nililia kwa ajili ya jicho lake au kwa ajili ya mdomo wangu.

Mume wangu alinichemshia tangawizi nikanywa vikombe viwili, na kufikia alasiri sauti yangu ilikuwa imerudi kwa sehemu kubwa. Nilivua koti la kiume, nikavaa khanga safi. Nikavuka barabara. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuomba radhi, nikayarudia njia nzima, hatua ishirini hivi.

Alikuwa palepale barazani. Kwa karibu niliona bandeji chini ya khanga, nyeupe, imefunika jicho na nusu ya shavu. Jicho la pili lilitazama upande wangu, lakini halikunifikia.

"Shikamoo, mama."

Uso wote ulimfunguka. "Marahaba, mwanangu!" Akanyoosha mkono hewani, nikaudaka, akaukamata wangu kwa mikono yake yote miwili. Akauliza za Kyela, za dada, za safari. Nikamwambia tumesikia, tumeona, pole sana mama. Akasema mambo ya Mungu hayo, na kwamba ananiomba nimsamehe, nyumba ameiachia katikati, hata uchafu hakuuzoa.

Hapo nilifungua mdomo niseme. Yeye akaniwahi.

"Nilikungoja asubuhi. Nikajua jana mmefika, watoto waliniambia. Ulipokawia nikasema mwanangu amechoka na safari, acha alale."

Nikaketi kando yake.

"Badala yako kapita mtu hapa," akaendelea. "Sauti nzito, sijui mwanamume, sijui mwanamke. Kanipa habari za asubuhi. Mimi huyu. Nikanyamaza, nikasema maskini, hakupata wa kumfundisha." Akacheka kidogo, akakohoa. "Labda mgeni tu. Nimeshamsamehe."

Bado alikuwa amenishika mkono. Kidole gumba chake kilikuwa kikipapasa mgongo wa kiganja changu, huku na huku. Ng'ambo ya barabara mume wangu alikuwa mlangoni petu anasubiri, naye hakujua lolote kuhusu salamu ile, kwa sababu hata yeye sikumwambia.

"Unamjua?" akaniuliza. "Alikuwa anatokea upande wa kwenu."

"Simjui, mama," nikasema.