Kahawia ya Marehemu Doug

Noelene Cutajar, jirani yangu hapa mtaani Altona, hakuwahi kuchagua rangi ya ukuta maishani mwake. Alikuwa mtu wa "sawa". Alipoolewa, mama mkwe alisema jiko la heshima ni la kijani chepesi, sawa. Zikaja zile siku za mazulia ya manyoya, mtaa mzima ukapaka majiko rangi ya chungwa, naye akapaka. Kisha mumewe, Doug, akavumbua kahawia.

Nasema akavumbua kwa sababu ndivyo alivyojitapa. Kila mwanamume wa Altona wakati ule alikuwa na kopo la kahawia, lakini Doug alizidi. Alipaka uzio, sanduku la barua, kibanda cha mbwa, na mbwa mwenyewe alipopita karibu akapata yake mgongoni. Kuingia sebuleni kwao ilikuwa kama kuingia ndani ya birika la chai. Noelene aliichukia rangi ile kuliko dhambi.

"Inafukuza wageni, Doug," alikuwa akimwambia.

"Ndiyo kazi yake," Doug anajibu, miguu juu ya meza.

Fasheni ilimshinda hata Doug. Binti yao Leanne alipovunja ungo alitaka waridi na kijivu, akapata. Likafuata wimbi la kijani kizito na krimu, kila nyumba ya mbao ikajifanya jumba la kale. Kisha rangi ya biskuti kila mahali. Doug alifia enzi hizo za biskuti, na mimi siwalaumu madaktari.

Mwaka jana Leanne aliamua mama yake auze nyumba, ahamie chumba cha uani kwake.

"Mama, uko peke yako. Ukianguka je?"

Noelene akasema sawa. Halafu akaja jikoni kwangu akalia, mpaka nikamkasirikia.

"Si umkatalie?"

"Nitaanzaje, shoga? Hilo neno halijawahi kutoka mdomoni mwangu."

Dalali, kijana wa viatu vilivyochongoka, alitaka nyumba nzima iwe nyeupe, eti ndiyo rangi inayouza siku hizi. Ikapakwa, ikapigwa picha. Ungedhani ni hospitali iliyowahamisha wagonjwa. Mnada ukapangwa Jumamosi.

Alhamisi Noelene alikuja kuazima ngazi, akaniomba na soksi ndefu za nailoni nisizozivaa. Bandani kwao Doug alikuwa ameacha makopo ya rangi ya mafuta, juu yameganda utando mnene kama wa maziwa, chini mabichi kabisa. Alivunja utando, akachujia rangi kwenye soksi zangu.

Jumamosi tulifika mtaa mzima na vikombe vya kahawa, kama tunavyofanya kila nyumba inapopigwa mnada, hakuna mwenye nia ya kununua. Dalali akafungua mlango. Harufu ilitoka kwanza. Wanunuzi waliingia na simu zao zenye picha nyeupe, wakatoka wakifuta machozi. Mama mmoja alikuwa ameegemea ukuta, akatoka na bega zima la kahawia. Dalali alinadi barabarani mpaka sauti ikamkauka. Aliyetaja bei alikuwa mmoja tu, jirani yetu Stavros wa nyumba ya kona, dola kumi, ili tucheke. Tulicheka sana.

"Mama, umefanya nini?" Leanne aliuliza.

"Nimepaka rangi."

"Basi wiki ijayo tunarudishia nyeupe."

Noelene akajibu, "Hapana."

Alilisema polepole, halafu akafunika mdomo kama mtu aliyecheua mezani. Leanne alimtazama, akaenda kukaa ndani ya gari.

Alasiri nilikwenda kumpongeza. Nilimkuta kwenye kochi, madirisha wazi, kahawia imemzunguka pande zote, analia.

"Mbaya, shoga. Mbaya mno. Na Doug angekuwepo angecheka mpaka apaliwe."

Nilimhurumia, lakini nilijivunia pia kuwa jirani yake. Nikamwambia kesho naleta brashi mbili, tuifunike kahawia ya marehemu, na wala si kwa nyeupe ya dalali.

"Haya, sema. Unataka rangi gani?"

Alizitazama kuta moja moja.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kuulizwa."