Jezi Yenye Tope la Mechi ya Mwisho

Juzi basi lilinipitisha mbele ya ghorofa letu la zamani kule Malvern, ughaibuni tulikohamia, nikashuka bila kupanga. Rafiki yangu, ukumbi ule bado unanuka vitunguu vya kila taifa. Nilisimama penye lifti kama mjinga, nikinusa.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa mzee mmoja kutoka Honduras. Sisi tulitoka Bukavu. Mama hakujua Kiingereza, mzee hakujua Kiswahili, basi mkalimani nikawa mimi, binti wa miaka tisa mwenye maneno mengi kuliko meno. Siku moja unga ulituishia, mzee akatupatia wake wa kupikia chapati za mahindi. Mama akausonga ugali. Ulinata mwikoni na kunuka chokaa wanayochemshia mahindi kwao, tukaula hivyo hivyo kwa sombe, majani ya muhogo, maana kwetu chakula cha jirani hakitupwi.

Ujanani mzee alikuwa beki wa kushoto wa timu ya mji wao. Ilianzishwa na mafundi viatu, ikapanda hadi daraja la kwanza, ikakaa huko msimu mmoja mtamu. Kisha mwenye timu akaiuza nafasi yake ya ligi kwa mji mwingine, kama mtu anayeuza kiti huku mwenzake bado amekikalia. Mechi ya mwisho waliicheza kwenye mvua. Siku hizi uwanja ule ni stendi ya mabasi. Kilichobaki ni jezi nyeupe aliyoitundika ukutani sebuleni, yenye tope kavu kifuani. Aliniambia mara nyingi, akilionyesha lile tope, "Huo ndio uwanja wetu. Hakuna mwingine."

Halafu akalazwa hospitali, akatuachia ufunguo. Kwetu mgonjwa harudi kwenye nyumba chafu. Mama alitoka zamu yake ya kuhudumia wazee, akafagia, akapika maharage, mwisho akaiona jezi.

"Mutu iko ku hospitali, na nguo yake iko vile? Leta, nifule."

Nilijua. Neno moja tu lingetosha. Lakini mama alikuwa amechoka, nami niliogopa kumfundisha kazi. Niliishusha jezi kwa mikono yangu, nikampa. Maji ya beseni yaligeuka kahawia, akayamwaga.

Mzee aliporudi alisimama mbele ya ukuta muda mrefu. Jezi ilikuwa nyeupe pe, imepigwa pasi. Mama alisubiri akitabasamu. Mzee hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Mwambie mama nashukuru sana," alisema. "Inanukia vizuri."

Nikatafsiri kila neno. Akaketi, akala maharage yote.

Mzee alishafariki, na mlango wake una wapangaji wengine. Timu ile sijakutana na mtu mwingine anayeijua. Mimi bado naona aibu. Mama, kila wageni wakija, husimulia kwa fahari alivyomfulia jirani mgonjwa jezi iliyoshindikana, kisha hunigeukia nimshuhudie.

"Ndiyo, mama," humjibu. "Ilitakata kabisa."